Frere Town na Watoto Walioletwa kwa Manowari

Kamati imeona vema kwamba sura ya mambo ya kale katika taarifa ya mwaka huu ihusu nyumba za Kanisa za kulelea watoto, nami nimepewa kazi ya kuiandika. Sababu yake wanachama wa Diani, Ukunda na Msambweni wanaijua. Mwaka 2017 Serikali ilisimamisha kuandikishwa kwa nyumba mpya za watoto, na mwaka 2022 ikatangaza mpango wa miaka kumi ambao shabaha yake ni kuwatoa watoto katika nyumba hizo na kuwarudisha kwa jamaa zao, au kwa jamaa nyingine watakaokubali kuwapokea. Pwani yetu ya kusini ina nyumba kadha wa kadha za namna hiyo, nyingine za makanisa, nyingine za wafadhili wa ng'ambo. Kwa hiyo mtoto mmoja baada ya mwingine ataletwa mlangoni kwa mtu atakayeambiwa, Huyu ni wako. Na wazee watakaoitwa kulithibitisha neno hilo ni ninyi mnaosoma kitabu hiki.

Jambo hili si geni katika nchi ya pwani. Mtu akivuka feri ya Likoni, akaupita mji wa Mombasa na daraja la Nyali, hufika mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo limetokana na kengele ya misheni ambayo, kwa masimulizi ya wazee wa huko, iligongwa ili kuwaonya watu wanapoonekana washika watumwa wakija. Hapo ndipo ilipokuwa Frere Town, na hapo walilelewa watoto ambao hakuna mtu aliyeweza kuwarudisha kwao, maana kwao kwenyewe hakukujulikana.

Chanzo chake ni hiki. Mwaka 1873 Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere Unguja kumtaka Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 5 Juni mwaka ule, soko la watumwa la Unguja likafungwa, na kusafirisha watumwa baharini kukaharimishwa. Utumwa wenyewe haukukoma. Unguja na Pemba uliondolewa kwa sheria mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Wala biashara haikufa siku ile. Wafanya biashara walipoona bahari ina manowari, waliwapitisha watu kwa miguu kutoka Kilwa kwenda Pangani na kuendelea kaskazini, njia inayoambaa pwani, mpaka Sultani alipopiga marufuku misafara hiyo ya bara mwaka 1876. Jahazi nazo ziliendelea kusafiri usiku. Pwani yenye visiwa na mikoko mingi kama ile ya kutoka Vanga na Wasini hadi Gazi si rahisi kuilinda kwa meli chache.

Manowari ilipoikamata jahazi, nahodha alishitakiwa mbele ya Balozi wa Uingereza huko Unguja, naye wakati huo alikuwa John Kirk. Watumwa walipewa hati za uhuru. Lakini hati hailishi mtu. Wengi walikuwa Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa, nao walikuwa wametembea miezi mingi kabla ya kuiona bahari. Na wengi miongoni mwao walikuwa watoto, kwa kuwa mtoto ni mwepesi wa kubeba na si mwepesi wa kutoroka. Wakiachwa pwani wangeshikwa tena kabla ya mwezi kwisha. Frere alipofika Mombasa aliona kwamba panatakiwa mahali pa kuwaweka, akaishauri Church Missionary Society, ambayo wazee wetu waliijua kwa herufi zake C.M.S., ijenge kijiji.

Frere hakulitoa shauri hilo hewani. Alikuwa Gavana wa Bombay hapo nyuma, na huko alikwisha iona nyumba ya C.M.S. karibu na Nasik, iliyowalea watoto wa Kiafrika waliookolewa na manowari upande wa Bara Hindi. Msimamizi wake alikuwa Padre William Salter Price. Huyu ndiye aliyetumwa Mombasa, akafika mwishoni mwa mwaka 1874, na mwaka uliofuata akanunua ardhi Kisauni, ng'ambo ya mji. Mwezi wa Septemba 1875 manowari Thetis ilileta kundi kubwa la kwanza, watu zaidi ya 200. Tufikirie kazi hiyo ilikuwaje. Kwa siku moja Padre alipokea watu wengi kuliko wa vijiji vingi vya siku zile, wasio na nguo, wasio na jembe, wagonjwa wengi, na wasiosikia lugha yake.

Lugha zao zilisikiwa na watu wengine, nao ndio niwaonao kuwa nguzo ya habari hii. Kutoka Nasik walikuja vijana waliokuwa wenyewe watoto wa jahazi, wakalelewa Bara Hindi, wakasoma, wakajifunza uhunzi na useremala. Watu wa Mombasa waliwaita Wabombay. William Henry Jones, Myao aliyeibwa angali mdogo, na Ishmael Semler walikuwa wamekwisha kaa Rabai tangu mwaka 1864, wakimsaidia mzee Rebmann. George David vilevile alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo mtoto aliposhuka ufukoni akilia kwa lugha ya mama yake, alikuwapo mtu mzima aliyevaa shati na koti, aliyeweza kumjibu kwa lugha hiyo na kumwambia, Hata mimi nililetwa hivihivi. Vitabu vya wazungu huwasifu zaidi wenye fedha na wenye amri. Mimi naona kwamba bila watu hao nyumba ile isingesimama hata mwaka mmoja.

Watoto waliwekwa mabwenini, wavulana kwao na wasichana kwao. Siku yao iliendeshwa na kengele: sala, shule, shamba, kazi za mikono, sala tena. Walifundishwa kusoma kwa Kiswahili, na wenye akili nyepesi wakaongezewa Kiingereza. Wakikua waliozana wao kwa wao, kila mume na mke wakapewa mahali pa kujenga na kipande cha kulima. Kanisa la Emmanuel lililojengwa katika miaka ya 1880 lipo mpaka leo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wazee wa Kwale watalipima kuliko wengine, nalo ni jina. Mtoto alipobatizwa alipewa jina la Biblia au la Kiingereza, na mara nyingi majina yote mawili yalikuwa ya ugenini. Kijana mmoja Myao aliyepelekwa Nasik aliitwa Chengwimbe na wazazi wake. Ulimwengu unamjua kwa jina la Matthew Wellington, mmojawapo wa waliouchukua mwili wa Livingstone kutoka bara mpaka pwani katika mwaka 1873 na 1874. Mwenzake Jacob Wainwright, aliyeusindikiza mwili huo mpaka Uingereza na kusimama kaburini London, jina lake nalo ni la Kiingereza tupu. Majina hayo hayakutolewa kwa nia mbaya. Kwa Mkristo ubatizo ni kuzaliwa mara ya pili, na kwa mtu aliyekwisha itwa mtumwa jina jipya laweza kuwa furaha. Lakini katika nchi zetu jina ni njia ya kurudi. Mtu akisema jina la baba yake na la babu yake, wazee hujua ni wa fuko gani, nani asimwoe, na shamba gani alime. Wellington hawezi kuulizwa fuko lake.

Misheni ya Unguja, ile ya U.M.C.A., ilifanya tofauti kidogo, na tofauti hiyo yafaa ielezwe hapa. Askofu Tozer alipofika Unguja mwaka 1864 Sultani Majid alimpa wavulana watano waliotolewa katika jahazi. Mmoja wao alikuja kuwa Shemasi John Swedi. Baadaye wavulana waliwekwa Kiungani na wasichana Mbweni, ambako Bibi Caroline Thackeray alisimamia shule kwa miaka 25, tangu 1877 hadi 1902, asirudi kwao hata alipostaafu, akafariki papo hapo mwaka 1926. Katika watu wa Mbweni alitoka Padre Cecil Majaliwa, Myao, aliyepelekwa Chitangali upande wa Ruvuma mwaka 1886, akapewa upadre mwaka 1890. Mwasikia majina hayo: la kwanza la ubatizo, la pili la Kiafrika. Ni kweli kwamba Swedi na Majaliwa ni majina ya pwani, na huenda mtoto alipewa na mtu aliyemshika wala si mama yake. Hata hivyo yalibaki ndiyo aliyoitwa kabla hajafika misheni, na mtu akiyasikia hujua kwamba habari ya mtu huyu haikuanzia shuleni.

Bagamoyo nako Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa na nyumba kubwa tangu mwaka 1868. Wao waliwanunua watoto sokoni Unguja kwa fedha iliyochangwa Ulaya, wakawalea, kisha wakawaoza na kuwaweka katika kijiji cha Wakristo. Wenzao wa Kiprotestanti waliwalaumu wakisema kwamba kununua ni kuongeza bei. Sitaingia katika ugomvi huo. Mtoto aliyenunuliwa na padre asingeliuliza swali hilo.

Narudi Kisauni. Yasifikiriwe kwamba maisha ya Frere Town yalikuwa ya heri tupu. Baada ya Padre Price kuondoka, kijiji kiliwekwa chini ya msimamizi asiye padre, Bwana Streeter, naye alitawala kwa kiboko. Watu walipigwa na kufungwa kwa makosa madogo, watu ambao hati zao za uhuru wino wake ulikuwa haujakauka. Malalamiko yalifika Unguja na London, Streeter akaondolewa, na Padre Price akarudishwa mwaka 1881 kuja kutengeneza yaliyoharibika. Nalitaja jambo hili kwa sababu nyumba ya watoto ina hatari moja ambayo nyumba ya mzazi haina. Mzazi akizidisha ukali, yuko mjomba, yuko shangazi, yuko jirani wa kumwambia, Basi. Katika nyumba yenye ukuta na kengele hakuna shangazi. Waliosema Basi kwa Streeter walikuwa mbali, na neno lao lilichukua miaka kufika.

Lakini yasifikiriwe pia kwamba jamaa ni salama siku zote, na hapa nawaomba wazee wanivumilie, kwa kuwa nazungumza habari za kwetu. Katika miaka ya 1884 na 1885 ilikuwapo njaa kubwa ambayo wazee wa Kimijikenda waliiita Mwakisenge. Watu waliuza mifugo, kisha wakaweka watoto rehani kwa watu wa pwani ili wapate nafaka. Kwa desturi ya Wadigo wa zamani mtoto alikuwa wa fuko la mama yake, na mjomba ndiye aliyekuwa na haki ya kumweka rehani mpwa wake. Rehani maana yake ni kukomboa baadaye. Lakini njaa ikiisha na mwenye deni hana kitu, au amekufa, mtoto alibaki alipo, na wengine waliuzwa mbali wasionekane tena. Basi yule aliyekuwa na jina, na fuko, na mjomba, alipotea kwa mkono wa mjomba huyohuyo. Sisemi hivi kuwashutumu waliokufa. Mjomba mwenye wapwa saba na kibaba kimoja cha mtama hakuwa na mashauri mengi. Nasema hivi kwa sababu wengine wetu husema kwamba mtoto akirudishwa kwa jamaa mambo yamekwisha, na historia yetu wenyewe haisemi hivyo.

Wakati huohuo watoro waliowakimbia mabwana zao walikuwa wakiingia Rabai, ambako msimamizi wa misheni alikuwa William Jones. Askofu Hannington alikuwa amempa ushemasi yeye na Semler mwaka 1885, na mwaka huohuo Jones alifuatana na Askofu katika safari ya Uganda. Askofu akauawa Busoga mwezi wa Oktoba, na Jones ndiye aliyewarudisha wapagazi waliosalia mpaka pwani. Mtu aliyepita katika hayo hakuwa na moyo wa kumfukuza mtoro. Kufika mwaka 1888 wenye watumwa wa Mombasa walikuwa wamekasirika mno, na ilidhaniwa kwamba misheni zitashambuliwa. Bwana George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza akapatana nao kwa fedha, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikaanza kutolewa Rabai. Jumla ya watoro waliokombolewa katika misheni ilikuwa 1,421. Hesabu hiyo yaonyesha jambo ambalo taarifa za London hazikupenda kulitaja: watu wengi zaidi waliingia misheni kwa miguu yao wenyewe, wakipokewa na Waafrika wenzao, kuliko waliokuja kwa manowari siku ile ya Thetis.

Baada ya hapo jahazi za watumwa zikapungua, na watoto wa mabwenini wakapungua nao. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, vijana wa Frere Town walitakiwa kila mahali, kwa kuwa walijua kusoma, kuandika na kutafsiri. Karani wa leo akikaa mezani pake na akumbuke kwamba wengi waliomtangulia katika kazi hiyo walikuwa watoto wasio na baba. Shule ya kuwafundisha mapadre iliyoanzishwa hapo mwaka 1903 ilihamishiwa Limuru mwaka 1930, nayo ndiyo iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha St. Paul's. Matthew Wellington aliishi Mombasa mpaka mwaka 1935, mzee sana, akiwa ameona yote.

Watoto hao waliupataje ukoo? Waliutengeneza. Wale waliolala bweni moja walihesabiana ndugu, na watoto wao waliwaita baba wakubwa na mashangazi watu wasiokuwa na damu moja nao. Mwalimu James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa Myao aliyeokolewa utumwani, aliyaandika mambo hayo kwa Kiswahili katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa kilichotolewa mwaka 1934. Tena tazameni jina lake. Katika watu wengi walioitwa kwa majina ya Kiingereza, jina la Mbotela halikufutwa, nalo leo ni ukoo unaojulikana Kenya nzima, hata kwa watoto waliomsikia Leonard Mambo Mbotela redioni mpaka alipofariki mwaka 2025. Jina moja la Kiafrika lililoachwa katika daftari limekuwa kama mbegu.

Waislamu wenzetu, ambao ndio wengi katika Kwale, wana hukumu yao katika jambo hili tangu zamani. Mwenye kumlea yatima ana thawabu kubwa, lakini hamgeuzi nasaba: mtoto hubaki kuitwa kwa baba yake aliyemzaa, na urithi wake hufuata huko. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitambua kafala kuwa njia moja ya kumpatia mtoto mlezi. Nadhani wamisionari wa mwaka 1875 wangaliweza kujifunza kitu kwa majirani zao wa Mombasa katika hilo, kama wangaliuliza. Nasi Wakristo wa Chama hiki twaweza kuuliza sasa, kwa kuwa majirani wale wale tunaketi nao katika Kamati.

Kwa hiyo Kamati inaleta shauri moja mbele ya mkutano. Chama kinunue daftari la ngozi, liwekwe kwa Katibu, na kila mtoto anayerudishwa kutoka nyumba yoyote katika vijiji vyetu aandikwe humo, kwa idhini ya wanaomlea na ya ofisi ya watoto, wala lisisomwe na mtu asiyehusika. Yaandikwe majina yake yote, lile alilokuja nalo na lile alilopewa. Mahali alipookotwa au alipotolewa, na lugha aliyokuwa akisema. Jina la mama, la baba, la mjomba, kama yanajulikana. Na jina la mzee aliyesema, Huyu ni wetu, pamoja na sahihi yake au alama ya kidole gumba. Kisha pawe na nafasi iliyoachwa wazi kwa kila mwaka hadi mtoto atimize miaka 18, ya kuandika ni nani aliyekwenda kumtazama, na alimkuta katika hali gani. Gharama ya daftari na ya nauli za watazamaji imo katika hesabu, ukurasa unaofuata.